Jina Langu ni Pointi Kumi na Nane

Jumatano, saa moja na nusu usiku, Preston,
chumba cha juu cha maktaba, birika linapiga mluzi,
mvua imeegemea dirisha kama mdai.
Maureen Ackroyd anatikisa mfuko wa vigae,
ananiambia nichote bila kuchungulia.
Nachota. Mkono bado unanuka sabuni ya dobi
ya hospitali, shuka mia nne tangu alfajiri.

Hapa K ina pointi tano. Najizuia kucheka.
Kwetu K ni mchanga, unaingia nao hadi sebuleni:
kaka kakaa kitako kakunja kanzu.
W nne. Z kumi! Z, ambayo sisi
twaimwaga ovyo katika mzozo wa bei ya mbaazi.
Jina langu, Zuwena, ni pointi kumi na nane,
ila majina ya watu ni marufuku mezani.

Nimejifunza kwa orodha, ndani ya basi la kazini:
qi, za, xu, jo,
vijineno vya kutoka navyo ukibanwa.
Nimevishika kama funguo za nyumba ya tajiri,
najua mlango upi, sijui ndani mna nini.
Maana baadaye, husema Maureen, au hata kamwe.
Alisambaza barua miaka thelathini na mmoja
na hakufungua hata moja.

Leo nimepata A, I, L, M, S,
na V na W, wageni wawili waliolazwa kitanda kimoja.
Napanga. Napangua.
Lima, vigae vinasema. Napangua.
Lami: ile iliyokomea getini kwa diwani,
hatua mia kabla ya kwetu.
Imla: mwalimu Kibwana, chaki sikioni,
"nukta, aya mpya," na sisi thelathini na wanane
na penseli zetu zilizokatwa nusu kwa wembe.
Mila.
Mali.
Herufi nne, nyumba moja, watoto watano
wasiofanana hata pua,
na hakuna hata mmoja wa kumleta mezani,

au ndivyo nilivyodhani.
Harshad Solanki, fundi saa, ananitangulia:
anashusha MALI, wima, kupitia A ya TOAST.
Nacheka mpaka chai inamwagika.
"Hilo letu!"
"Letu," anasema. "Mtunza bustani.
Babu yangu alikuwa mmoja. Waridi za watu."
Maureen anafungua kamusi, miwani puani.
Neno limo. Limeshapata uraia, mimi bado.
Basi mali, kwao, ni mtu anayelima.
Kwetu ni kitu asichokipata anayelima.

Zamu yangu. Naisogeza S mwanzoni,
na papo hapo anatokea Salim,
kaka yangu wa Korogwe, pointi saba,
aliyeniandikia jana: dada, tuma kidogo.
Na asubuhi: dada, umeiona?
Salim haruhusiwi. Namvunja viungo polepole,
namlaza: MAILS,
na S yake inashika mkia wa neno la Harshad,
mali zinakuwa nyingi,
kumi na nne kwa mkupuo.
Maureen anaangalia barua zake za zamani
zimelala pale ubaoni, hasemi kitu,
anasukuma sahani ya biskuti upande wangu.

Ameshinda yeye, kwa pointi tano, kwa qi.
"Ni nini hasa, hiyo qi?"
"Sijui, mpenzi."
Mimi V na W zimeniganda mkononi,
nane zinakatwa.
Salim nitamjibu kituoni, mshahara ni kesho,
naye hilo analijua kuliko mwajiri wangu.

Kabla hatujazima taa Maureen anaandika matokeo
kwenye daftari lake la jalada la kijani,
Harshad, Maureen, halafu mimi,
Z ndefu, imesimama wima kama askari wa getini.
Pale pembeni ya karatasi
jina linaruhusiwa.
Halina pointi.